Mkojo usiozuilika: Neva zinazofanya kazi bila kuamriwa

Akina mama wengi wenye shida ya mkojo hawaanzi na mkojo wanapofika kwa daktari. Huanza na mgongo, au kikohozi cha mtoto, au kipimo cha presha. Mpaka pale wanapoinuka kwenda zao, mkono ukiwa tayari umeshika kitasa cha mlango, ndipo hunong'ona, "Daktari, lipo jambo jingine." Jambo lenyewe ni kwamba mkojo huwatoka bila wao kutaka.

Baadhi yao wameishi na jambo hilo miaka 10 au zaidi. Wanakijua kila choo cha kulipia kati ya steji ya matatu na kazini. Hawagusi chai asubuhi kabla ya kusafiri. Kanisani huketi kiti cha mwisho karibu na mlango, na harusini hawachezi. Hununua pedi kila mwezi ingawa hedhi iliwakoma zamani. Na karibu wote wamekwisha kuambiwa na mama au shangazi kwamba huo ndio utu uzima, au ndiyo malipo ya kuzaa, na kwamba mwanamke mwenye adabu huvumilia.

Mpendwa msomaji, hakuna haja ya kuvumilia. Shida hii ina maelezo yake, na mara nyingi hupunguzwa au hukomeshwa kabisa. Lakini ili uelewe kwa nini dawa iliyomfaa jirani yako haikufai wewe, na kwa nini tembe uliyopewa ya presha huenda ikawa ndiyo inayokulowesha, ni lazima kwanza uzijue neva zinazokitawala kibofu. Nitakuomba subira kidogo, kwa sababu habari za neva hizo hazifundishwi shuleni kwa kina, na hata baadhi yetu madaktari huzisahau tukishafaulu mtihani.

Mfuko na milango yake

Kibofu ni mfuko wa msuli ulio chini ya tumbo, nyuma ya mfupa wa kinena. Figo mbili hutia mkojo ndani yake mchana na usiku, tone baada ya tone. Kwa mtu mzima anayekunywa maji ya kutosha, mkojo huo hufikia kama lita moja na nusu kwa siku. Mfuko wenyewe hubeba kati ya mililita 300 na 500, yaani chupa ya soda ya kawaida na zaidi kidogo. Chini yake pana mrija wa kutolea mkojo. Mrija wa mwanamume una urefu wa sentimita 20 hivi. Wa mwanamke ni sentimita 4 tu. Ufupi huo ni sababu mojawapo ya wanawake kupatwa na shida hii kuliko wanaume.

Mrija huo hufungwa mahali pawili. Kizibo cha ndani kipo kwenye shingo ya kibofu nacho ni cha msuli laini, ambao huwezi kuuamuru hata ukitaka. Kizibo cha nje ni msuli unaoweza kuukaza kwa hiari, na ndio unaoukaza ukiwa umesimama kwenye foleni ya choo. Chini ya vyote hivyo imetandazwa misuli ya sakafu ya nyonga, inayobeba kibofu, tumbo la uzazi na utumbo wa mwisho kama machela.

Kazi za kibofu ni mbili tu, kuweka na kutoa. Karibu muda wote huwa kinaweka. Kinatoa kwa dakika chache mara sita au saba kwa siku. Ugumu upo katika kubadilisha kutoka kazi ya kwanza hadi ya pili kwa wakati ufaao, kwani unapoweka, mfuko lazima ulegee na mlango ukazike, ilhali unapotoa, mfuko lazima ukazike na mlango ulegee. Mambo hayo yakichanganyika, nguo hulowa.

Serikali iliyo ndani ya mwili

Mwili una neva za namna mbili. Zipo tunazoziamuru: ukitaka kuinua kikombe, unakiinua. Halafu zipo zinazojiendesha zenyewe. Hizo ndizo hupigisha moyo, husaga chakula, hutoa jasho na kupanua mboni ya jicho penye giza. Hazikuombi ruhusa, na hata ukilala usingizi zinaendelea na kazi. Mwanasayansi wa Cambridge, Uingereza, John Newport Langley, ndiye aliyezipa jina la pamoja mwaka 1898, jina lenye maana ya mfumo unaojitawala.

Mfumo huu una matawi mawili ambayo kwa kawaida huvutana kama watu wawili wanaoshika ncha mbili za kamba. La kwanza huitwa simpathetiki. Ni tawi la shughuli na tahadhari: moyo huenda mbio, damu hupelekwa kwenye misuli, na mambo ya haja huahirishwa. La pili huitwa parasimpathetiki. Hili ni la utulivu: mate hutoka, tumbo husaga, na mtu huenda haja.

Sasa tuyatazame matawi hayo yanapofika kwenye kibofu. Neva za simpathetiki hutoka katika uti wa mgongo, sehemu ya chini ya kifua na ya juu ya kiuno. Zikifika hutoa kemikali iitwayo noradrenalini. Kemikali hiyo moja hufanya kazi mbili zinazopingana, na hapo ndipo penye ustadi wa maumbile. Katika ukuta wa kibofu hugusa vipokezi vinavyoitwa beta 3, na msuli hulegea ili mfuko upanuke. Katika shingo ya kibofu na kwenye mrija hugusa vipokezi vya aina nyingine, alfa 1, na msuli hukazika. Mfuko umelegea na mlango umefungwa. Kwa hivyo unaweza kukaa mkutanoni saa tatu bila kuufikiria mkojo.

Neva za parasimpathetiki hutoka chini kabisa ya uti wa mgongo, katika sehemu ya pili, ya tatu na ya nne ya sakramu, usawa unaojulikana hospitalini kama S2 hadi S4. Zenyewe hutoa asetilikolini. Kemikali hii hugusa vipokezi vya muskarini katika ukuta wa kibofu, na mfuko mzima hujikamua. Wakati uo huo neva hizo hutoa gesi ya nitriki oksaidi inayoulegeza mrija ili mkojo upite.

Kwamba neva husema na viungo kwa kemikali ni jambo lililothibitishwa na Otto Loewi mwaka 1921 kwa kutumia mioyo miwili ya vyura. Alichochea neva ya moyo wa kwanza, kisha akachukua maji yaliyouzunguka na kuyatia kwenye wa pili, nao ukapunguza mapigo. Yeye na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Nalitaja hilo kwa sababu karibu kila dawa ya kibofu iliyopo duniani leo hufanya kazi kwa kuiga au kuziba mojawapo ya kemikali hizo.

Tusiisahau neva ya tatu, iitwayo pudenda. Hii si ya mfumo unaojitawala. Ni ya hiari, nayo ndiyo inayokikaza kizibo cha nje. Lakini chimbuko lake ni hapo hapo S2 hadi S4, bega kwa bega na neva za parasimpathetiki. Ujirani huo una faida kubwa, kama utakavyoona mbele.

Basi kibofu kikifikisha mililita 150 au 200, neva za kupeleka habari hupiga ripoti kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo hadi kwenye shina la ubongo. Huko kuna kituo kinachoamua iwapo mkojo utolewe. Daktari mpasuaji wa London, Frederick Barrington, alikieleza kituo hicho mwaka 1925 baada ya uchunguzi wake kwa paka. Kwa mtoto mchanga kituo hicho hufanya kazi bila msimamizi, kibofu kikijaa kinajimwaga. Kadiri mtoto anavyokua, sehemu ya mbele ya ubongo hujifunza kukizuia: bado, ngoja tufike nyumbani. Ulipokuwa ukifundishwa kutumia choo ukiwa na miaka miwili au mitatu, hilo ndilo ulilokuwa ukifundishwa.

Ni aina gani ya shida?

Mkojo usiozuilika si ugonjwa mmoja. Katika aina ya kwanza, mkojo huponyoka mtu anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka au anapoinua ndoo ya maji. Hutoka kidogo, mara moja, bila kuhisi haja. Hapa kibofu hakina kosa. Ni mlango uliolegea. Uzazi wa kawaida, hasa wa mtoto mkubwa au wa uchungu mrefu, huweza kuinyoosha misuli ya sakafu ya nyonga na neva ya pudenda. Homoni ya estrojeni inapopungua wakati wa kukoma hedhi, utando wa mrija nao hukonda. Uzito wa mwili huongeza mzigo juu ya vyote hivyo.

Aina ya pili ni ya haja ya ghafla. Mama yuko salama kabisa, kisha anaingiza ufunguo katika mlango wa nyumba yake, au anasikia bomba likimwaga maji jikoni, na papo hapo haja inamjia kwa nguvu kiasi kwamba hafiki chooni. Hapa neva za parasimpathetiki zimekikamua kibofu kabla ubongo haujatoa idhini. Wengi huamka usiku mara mbili, tatu au zaidi. Kwa mama mzee hili si jambo dogo. Anakimbilia choo gizani, anateleza, anavunjika nyonga, na kuna wanaokufa kwa mfupa huo. Kiini chenyewe kilikuwa kibofu.

Haja ya ghafla yaweza kuletwa na viini katika mkojo, na kwa watu waliooga au kufanya kazi katika maji yenye konokono wa kichocho, hasa sehemu za Pwani kama Kwale na Tana River, kichocho lazima kifikiriwe. Yaweza pia kufuata kiharusi au ugonjwa wa Parkinson, kwani msimamizi wa juu amejeruhiwa. Lakini mara nyingi hatupati sababu yoyote ya wazi. Wanawake wengine wana aina hizi mbili kwa pamoja.

Aina ya tatu hunitia wasiwasi kuliko zote, kwa kuwa hufanana na ya pili na tiba yake ni kinyume. Hii ni ya kibofu kilichofurika, na katika miji yetu chanzo chake kikuu nikionacho ni kisukari.

Sukari ikikaa juu katika damu miaka mingi, huharibu neva nyembamba. Watu wanajua habari za ganzi ya miguu. Wachache wanajua kwamba neva zinazojiendesha huharibika vilevile. Zile za kupeleka ripoti kutoka kwenye kibofu hunyamaza, kwa hiyo mama ambaye zamani alienda haja mara saba sasa huenda mara mbili au tatu, na hujisifu kwamba amepona. Hajapona. Kibofu kinatanuka bila yeye kuhisi. Kisha neva za parasimpathetiki nazo hudhoofika, hata anapokwenda chooni anatoa nusu na kubakiza nusu. Mkojo uliobaki hulea viini, na kibofu kikijaa pomoni humwagika chenyewe kwa matone. Ukiwa na kisukari na mkojo wako hutoka kwa mtiririko dhaifu, au unalazimika kusukuma, au unahisi kizunguzungu ukisimama ghafla, au unaharisha usiku bila sababu, mweleze daktari wako mambo hayo yote kwa pamoja. Huenda chanzo ni kimoja.

Mgonjwa wa namna hii akipewa dawa ya kutuliza kibofu kwa kukisia tu, mkojo waweza kumfunga kabisa. Ndiyo maana yafaa kwanza kupima kiasi kinachobaki baada ya kukojoa. Mashine ya altrasaundi hukionyesha kwa dakika chache bila maumivu. Na kabla ya yote sukari ipimwe, maana sukari ikiwa juu huvuta maji mengi na kumfanya mtu akojoe sana hata kama neva zake ni nzima.

Kuna aina moja ambayo haihusu neva hata kidogo. Mama aliyepata uchungu wa siku mbili au tatu, kisha mkojo ukaanza kumtoka mchana kutwa na usiku kucha pasipo kukoma, huenda ana nasuri, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mazoezi na tembe hazitaziba tundu. Anahitaji upasuaji, na kambi za upasuaji huo zimekuwa zikifanyika hapa nchini, pamoja na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mtu kama huyo usimpe ushauri mwingine wowote, mpeleke.

Chungulia katika mkoba wako wa dawa

Nilimtibu mama mmoja mwenye kibanda cha mitumba, umri wake miaka 50 na ushei. Alikuwa ameanza kulowa akiinua marobota. Kabla hajaja kwangu alikwisha kununua dawa za kuua viini mara tatu, bila mkojo wake kupimwa hata mara moja. Tulipoupima haukuwa na viini wala sukari. Nikamwomba anionyeshe dawa zote anazotumia. Miongoni mwake palikuwa na doksazosini, aliyoongezewa kwa ajili ya presha miezi miwili nyuma.

"Mama, shida hii ilianza lini?"

"Kama miezi miwili hivi, Daktari."

Doksazosini, pamoja na ndugu yake prazosini, huziba vipokezi vya alfa 1. Kufanya hivyo hupanua mishipa ya damu, na presha hushuka. Lakini umekwisha kusoma hapo juu ni wapi pengine vipokezi hivyo vinapatikana. Dawa haina macho ya kuchagua. Huulegeza mlango wa kibofu kama inavyoulegeza mshipa wa damu. Kwa mwanamume mzee mwenye tezi iliyovimba hiyo ni neema, na dawa za jamii hii hutumiwa kwa kusudi hilo. Kwa mwanamke mwenye mrija wa sentimita 4 ni balaa. Alipobadilishiwa dawa, mkojo ukakoma kumponyoka katika wiki chache. Dawa hizo utazitambua kwenye pakiti kwa sababu majina yake huishia kwa herufi z-o-s-i-n.

Nawaomba wasomaji wasinielewe vibaya. Usiache dawa ya presha eti kwa kuwa umesoma gazeti. Kiharusi ni kibaya kuliko nguo iliyolowa. Nenda nayo kwa daktari, mwonyeshe, muulize kama ipo nyingine.

Dawa nyingine za kuangaliwa ni hizi. Tembe za kupunguza maji mwilini huujaza mfuko kwa haraka. Nyingi hunywewa asubuhi ili usikeshe chooni. Enalaprili na jamii yake huwaletea watu wengine kikohozi kikavu, na kila kikohozi hupiga mlango uliolegea. Amlodipini yaweza kuvimbisha miguu. Ukilala, maji yaliyokuwa miguuni hurudi kwenye damu, na figo huyatoa usiku. Piriton, ambayo wengi huinunua kwa mafua au mwasho, na amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva, huziba asetilikolini. Kwa mama mzee au mwenye kisukari zaweza kuufunga mkojo mpaka ukafurika.

Kibofu kinaweza kufundishwa

Kabla ya dawa yoyote, andika. Kwa siku tatu weka daftari karibu na choo, na jagi ya kupimia. Andika saa uliyokojoa, ni mililita ngapi, ulikunywa nini na wakati gani, na kama ulilowa ulikuwa ukifanya nini. Daftari hilo humweleza daktari mengi kuliko maelezo ya nusu saa. Mama anayekojoa mililita 80 mara 15 kwa siku na yule anayekojoa 600 mara tatu wote husema "nina shida ya mkojo", ilhali shida zao hazifanani.

Halafu punguza chai kali, kahawa na vinywaji vya kola. Kafeini hukichokoza kibofu, na vikombe vinne vya chai ya maziwa kwa siku si vichache. Maji yenyewe usiyanyime. Wengi huacha kunywa maji wakidhani wanajisaidia. Mkojo unakuwa mzito, unachoma kibofu na haja inazidi. Ondoa pia ugumu wa choo, kwani utumbo wa mwisho uliojaa hukibana kibofu.

Zoezi la kukaza misuli ya sakafu ya nyonga lilienezwa na daktari wa Marekani Arnold Kegel, aliyeandika juu yake mwaka 1948. Fikiri unazuia upepo usikutoke mbele ya wakwe. Msuli ule uliokaza na kuuvuta juu ndio wenyewe. Usikaze tumbo wala makalio, na usizuie pumzi. Kaza polepole, shikilia hadi sekunde 10 kama unaweza, legeza, rudia mara 8. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu usikose. Wiki mbili hazitoshi, na wanaoniambia kwamba zoezi halikuwafaa mara nyingi waliliacha wiki ya pili. Unaweza kulifanya ukiwa katika msongamano wa magari, hakuna atakayejua.

Wengi huuliza zoezi la msuli wa hiari linawezaje kutuliza neva zisizo za hiari. Jibu ni ule ujirani wa S2 hadi S4. Ukikaza sakafu ya nyonga, habari hurudi kwenye uti wa mgongo, na huko parasimpathetiki huzuiwa kwa muda. Kwa hiyo haja ya ghafla ikikujia, usikimbie. Kukimbia hukitikisa kibofu na ubongo hupoteza usukani. Simama au keti. Kaza na kulegeza upesi upesi mara tano au sita. Fikiria jambo jingine, hata hesabu ya bei za sokoni. Wimbi la haja litapanda, kisha litashuka. Likishashuka, tembea hadi chooni kama mtu mwenye nafasi yake.

Juu ya hilo weka ratiba. Kama sasa huwezi kupita saa moja, nenda kila baada ya saa moja, uwe na haja au usiwe nayo. Wiki inayofuata ongeza dakika 15. Endelea hivyo mpaka ufike saa tatu. Jipe wiki sita au zaidi. Mwenye kibofu kilichopoteza hisia kwa kisukari ratiba yake ni tofauti: aende kila baada ya saa tatu au nne hata kama hahisi kitu, na akimaliza angoje kidogo kisha ajaribu tena kutoa kilichobaki.

Kuhusu uzito, utafiti uliofanyiwa wanawake wanene 338 nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliopunguza asilimia 8 ya uzito wao katika miezi sita, kulowa kwao kulipungua kwa asilimia 47, na wale wa kundi la kulinganishwa kwa asilimia 28. Kwa mama wa kilo 90, asilimia 8 ni kilo 7 na kidogo. Si lazima uwe mwembamba.

Hayo yasipotosha kwa haja ya ghafla, zipo dawa. Oksibutinini, tolterodini na solifenasini huziba vipokezi vya muskarini, na kibofu hutulia. Lakini vipokezi hivyo vipo pia kwenye mate, utumbo, macho na ubongo. Ndiyo maana kinywa hukauka, choo huwa kigumu na macho hufifia, na wazee wengine huchanganyikiwa, hasa kwa oksibutinini. Mtu mwenye glaukoma ya pembe iliyofunga asiziguse bila kumwuliza daktari wa macho. Mirabegroni, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2011, imepita njia nyingine: huiga simpathetiki kwa kugusa beta 3, na kinywa hakikauki sana. Huweza kupandisha presha, kwa hiyo mwenye presha kali isiyodhibitiwa asipewe. Baada ya kukoma hedhi, krimu ya estrojeni inayopakwa ukeni huwasaidia wengi. Kwa waliokwama kabisa, wataalamu wa mkojo hudunga ndani ya kibofu sumu ya botulinamu, ambayo huzizuia neva kutoa asetilikolini kwa miezi kadhaa. Mkojo unaoponyoka kwa kikohozi hausikii dawa hizi. Ukishinda mazoezi, tiba yake ni upasuaji.

Dalili za kutongoja

Damu katika mkojo ichunguzwe, hata ikionekana mara moja tu na hata kama hakuna maumivu. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua au shingoni ana hatari ya peke yake. Kibofu chake kikijaa bila njia ya kutoka, mfumo wake wa simpathetiki hulipuka bila breki: presha hupanda ghafla, kichwa humuuma kwa kishindo, na hutoka jasho usoni. Aketishwe wima, mrija wake wa mkojo ukaguliwe kama umepinda au umeziba, na msaada uitwe.

Na yeyote anayepatwa kwa mpigo na maumivu ya mgongo, udhaifu wa miguu, ganzi ya sehemu za siri na za kukalia, na mkojo kufunga au kutoka bila yeye kujua, neva zake za S2 hadi S4 zinabanwa. Yaweza kuwa diski iliyochomoka, kifua kikuu cha uti wa mgongo au uvimbe. Zikibanwa kwa muda mrefu, huenda zisirudi. Huyo asingoje kliniki ya Jumatatu. Apelekwe hospitali kubwa usiku ule ule.